Mwalimu wa Malezi na Mtoto Aliyefiwa: Mafunzo Yanayohitajika katika Shule za Msingi



Mkoa wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, uliofiwa na jamaa kwa mamia meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ukatikiswa na zilzala ya tarehe 10 Septemba 2016, kisha mwaka 2023 ukafikwa na maradhi ya Marburg huko Bukoba Vijijini, hauna shule isiyopata kumpokea mtoto anayetoka matangani. Na pamoja na hayo yote, aghalabu ya sisi tuliokabidhiwa dhamana ya malezi hatukufundishwa hata kipindi kimoja namna ya kusema na mtoto juu ya mauti.

Tumeachiwa huruma zetu, nazo hutuelekeza kuficha. Mtoto huambiwa kuwa mama amesafiri, au amelala. Maria Nagy, aliyewachunguza watoto wa Budapest na kuchapisha matokeo yake mwaka 1948, alibainisha kwamba mtoto aliye chini ya miaka 5 huyadhania mauti kuwa ni safari au usingizi, na kwamba hata afikapo kadiri ya miaka 9 ndipo anapofahamu kuwa hapana kiumbe atakayeyaepuka. Basi tunapomwambia yatima wa darasa la awali kuwa mama amesafiri, tunaitilia nguvu dhana ileile anayopaswa kusaidiwa kuivuka, naye hukaa akingoja. Na aliyeambiwa kuwa baba amelala huweza kuuogopa usingizi. Tena hapa kwetu, katika nchi ya Wahaya, maiti huzikwa kibanjani, kati ya migomba, hata mtoto akaliona kaburi kila asubuhi aendapo shule. Yeye amekwisha kuona. Aliyekosa maneno ni mwalimu.

Haja ya kwanza ya mafunzo, kwa hiyo, ni kumzoeza mwalimu kutamka kwa upole neno lenyewe, kwamba mama amekufa na hatarudi, kisha anyamaze asikilize. Jambo hili halifundishiki kwa hotuba. Sharti walimu waigize, mmoja awe mtoto, mwingine awe mshauri, na wenzao wasahihishe. Yaingie humo hata mambo yanayoonekana madogo: mwanafunzi akifa, nani atalifuta jina lake katika daftari la mahudhurio, na darasa liambiwe nini kabla jina hilo halijarukwa, na deski lake liondolewe lini? Nimesadiki kwamba darasa husoma katika mambo hayo thamani ya mwenzao zaidi kuliko katika rambirambi za mstarini.

Kadhalika mwalimu ajue mila na dini za nyumbani kwa mtoto, Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu, asije akabomoa faraja iliyojengwa na wazee. Na ajue pia kumweleza mtoto kwa nini wakati wa Marburg maziko yalisimamiwa na watumishi wa afya waliojifunika mwili mzima, na jamaa wakazuiwa kumwosha maiti wao, kwani mtoto asiyeelezwa huweza kudhani kuwa mzazi wake alidharauliwa.

Wala hatuanzi mahali patupu. Hapa hapa katika wilaya yetu ya Muleba, huko Nshamba, mradi wa Humuliza ulianza katika miaka ya 1990 kuwaandaa walimu na walezi wapate kuwasikiliza mayatima. Na jirani zetu wa Uganda, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye habari za ukoo na wasia, wangali hai.

Limebaki la mwalimu mwenyewe, ambaye naye ni mfiwa, na ambaye hawezi kustahimili machozi ya mtoto ikiwa yake hakuyapatia mahali. Mafunzo yasiyompa yeye kwanza nafasi ya kusema msiba wake, mimi nayahesabu kuwa pungufu.

Nawaomba maafisa elimu waliohudhuria wayaingize haya katika mafunzo kazini ya walimu wa malezi, wakiwashirikisha maafisa ustawi wa jamii, mapadri, wachungaji na masheikh. Na vyuo vya ualimu viyafundishe kabla mwalimu hajakabidhiwa darasa.