Kususia au Kuingia: Maneno Tuliyoyasema Mbele ya Wanachama

Ndugu wanachama, twaomba mtusikilize kabla hamjaipigia kura hoja ya kususia.

Januari 1958, wakuu wa TANU walikutana Tabora. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imewatilia sharti chungu: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na hapewi kura ila mwenye pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Wengi walikwenda Tabora wakiwa na nia ya kususia. Ghadhabu yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere akawasihi waingie hivyo hivyo, wavichukue viti vyote vitatu kwa kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na chama.

Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika. Akatoka, akaunda Kongresi yake. Hakuwa mtu wa kuchekwa, kwani aliyoyadai ni heshima ya Mwafrika. Lakini mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na mwaka 1962, katika kura ya Urais, Bwana Mtemvu alipata kura elfu 21 na kitu, mwenziwe akipata zaidi ya milioni moja. Madai yao hayakuachana sana. Njia ndiyo iliyowaachanisha.

Mtasema hayo ni ya bara. Basi tutazameni kwetu. Matokeo ya 2015 yalipofutwa, CUF iliususia uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016. Hatuwalaumu, sisi wenyewe siku ile tulikaa majumbani, na tuliona fahari. Lakini Barazani hakubaki hata mwakilishi mmoja wa CUF wa kuuliza swali. Sisi wenye maduka twalijua hili: ukifunga duka kwa kumkasirikia jirani, wateja huhamia kwake.

Walakini TANU haikushinda kwa kuingia tu. Ilikuwa na matawi vijijini, na kadi zilizolipiwa. Matawi yetu mangapi yana daftari la ada lililo sawa? Hili latutia haya zaidi kuliko hila za wapinzani wetu.

Kwa hiyo twaomba hoja ya kususia iahirishwe, na kila tawi lilete daftari lake katika mkutano ujao, likiwa tupu au limejaa.