Msusi, Pingu na Masinki Matano



Jioni hii twende Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Mwaka ni 1997. Mwanamke mmoja, Isis Brantley, anajulikana mjini kwa mkono wake. Hata mwimbaji Erykah Badu amesukwa naye. Siku moja wanaingia maofisa 7 kwenye biashara yake. Hakuna aliyekuja kusuka. Wanamtia pingu na kuondoka naye. Kosa lake ni kusuka nywele za watu kwa malipo bila leseni ya serikali.

Najua unacheka. Wewe uliyekua ukibanwa kichwa katikati ya magoti ya dada yako kibarazani, machozi yakikutoka na huku unaambiwa "tulia", utaniuliza: hata twende kilioni inaombewa kibali? Dada hakuwa na cheti. Alikuwa na kitana, mafuta ya nazi na mkono mzito. Lakini kisa cha Dallas kina mizizi ya miaka mia moja, na mizizi hiyo haikuota kwenye upuuzi mtupu.

Ilianza na wembe. Mwaka huohuo wa 97, ila wa karne iliyotangulia, yaani 1897, Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuwataka vinyozi wawe na leseni. Sababu iliyotangazwa ilikuwa magonjwa. Taulo moja ilifuta videvu kumi, na wembe ulitoka kwenye kichwa chenye mapunye ukaingia kwenye kichwa kizima. Antibayotiki hazikuwepo. Aliyeogopa hakuwa mjinga.

Sababu ya pili haikutangazwa sana. Miaka kumi nyuma, mjini Buffalo, vinyozi wa kuajiriwa walikuwa wameunda chama chao. Mwaka 1893 bwana mmoja, A. B. Moler, akafungua Chicago shule ya unyozi, na shule za namna hiyo zikaanza kumwaga mtaani vinyozi waliosoma wiki chache tu, wakinyoa kwa bei ya kutupa. Chama hakikupendezwa. Leseni ikawa na faida mbili kwa mpigo: wembe ulisafishwa, na nyembe zikapungua. Jimbo moja lilipokwisha kunyolewa, mengine yakatia maji.

Usisahau pia nani alikuwa ameshika wembe huo. Katika karne ya 19, hasa kusini mwa Marekani, unyozi ulikuwa kazi ya watu weusi. Alonzo Herndon, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1858, alikuja kumiliki mjini Atlanta chumba cha kunyolea cha kifahari katika mtaa wa Peachtree, wateja wake wakiwa matajiri wa kizungu, na faida akaiingiza kwenye kampuni ya bima. Mwaka 1926 baraza la jiji hilohilo likapitisha amri kwamba kinyozi mweusi asiwahudumie wanawake wala watoto wa chini ya miaka 14. Mahakama ya juu ya Georgia iliifuta amri hiyo mwaka uliofuata. Lakini umeona jinsi karatasi ya serikali inavyoweza kuingia kwenye chumba cha kinyozi ikitafuta kitu kingine kabisa, wala si mapunye.

Wanawake nao wakaja na mtindo wa nywele fupi, miaka ya 1920. Walimiminika kwa vinyozi wa kiume, na ugomvi ukazuka: mkasi wa kichwa cha mwanamke ni wa nani? Vinyozi wakasema ni wao. Wenye saluni wakadai bodi zao wenyewe na leseni zao wenyewe, wakazipata jimbo baada ya jimbo. Ndiyo maana mpaka leo majimbo mengi ya Marekani yana leseni ya kinyozi na leseni ya mtaalamu wa urembo, kila moja na idadi ya saa ambazo mtu lazima akae darasani. Shika hiyo idadi ya saa, msikilizaji. Tutairudia.

Ni haki niseme kwamba saluni za wakati huo zilikuwa na hatari za kweli. Mwaka 1933 rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure iliwapofusha wanawake, na mmoja akafa. Serikali ya Marekani haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 1938. Nami mwenyewe siwezi kuwacheka wanaotaka msusi asome. Enzi za kalikiti niliwekewa dawa na msusi ambaye soga lilimnogea, akanisahau kwenye kiti. Kovu lipo mpaka leo nyuma ya sikio. Mtu anayepaka kemikali kwenye ngozi ya mwenzake anapaswa kujua anachokishika.

Sasa nikutajie mwanamke ninayempenda sana katika historia hii: Marjorie Stewart Joyner. Mwaka 1916 alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi kuhitimu katika shule ya Moler ya Chicago, Moler yuleyule. Akaenda kufanya kazi katika kampuni ya Madam C. J. Walker, akasimamia shule za urembo za kampuni hiyo, na mwaka 1928 akapata hataza ya mashine ya kutia nywele mawimbi ya kudumu. Haki za mashine zikabaki kwa kampuni. Mama huyu alikuwa mmoja wa walioshiriki kuandika sheria ya kwanza ya urembo ya jimbo la Illinois. Hakuikimbia leseni, aliifuata. Shule nyingi za wazungu ziliwafungia mlango wasichana weusi, na msichana asiye na cheti alibaki kufua nguo za watu na kudeki nyumba zao. Leseni ya jimbo, ikipatikana kupitia shule ya mtu mweusi, ilimtoa jikoni kwa bibi wa kizungu na kumweka kwenye duka lake mwenyewe.

Na duka hilo lilikuwa na nguvu ambayo waliotunga sheria hawakuifikiria. Mwaka 1956 jimbo la South Carolina lilikataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama kilichopigania haki za weusi. Mwalimu Septima Clark alikataa kuuficha uanachama wake, akafukuzwa kazi baada ya takriban miaka 40 ya kufundisha. Wakati huo watu wazima wa Johns Island, kisiwa kilicho karibu na Charleston, walitaka kujua kusoma, kwa sababu asiyejua kusoma hakuandikishwa kupiga kura. Ulihitajika mtu wa kuwafundisha. Mama Clark hakuchagua mwalimu. Alimchagua jamaa yake Bernice Robinson, msusi.

Bernice hakuwahi kushika chaki. Lakini hebu niambie, nani angemfukuza kazi? Mwalimu analipwa na jimbo. Msusi analipwa na vichwa, na vichwa vile vyote vilikuwa vya watu weusi wenzake. Januari 7, 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika, mahali ambapo wapita njia wa kizungu wasingeshuku kitu, alianza na wanafunzi 14. Akawaambia kwamba watajifunza pamoja. Walianza na vitu vyao vya kila siku: kuandika jina, kujaza fomu ya hawala ya posta, kisha maneno magumu ya sheria ya uchaguzi. Kutoka chumba kile zikazaliwa shule za uraia zilizoenea kusini kote. Zilianza na mkono uliozoea kitana.

Kwa hiyo karatasi ileile ya saluni ilikuwa ngao. Ilifikaje kuwa pingu?

Rudi kwenye saa, msikilizaji. Mtaala wa shule za urembo uliandikwa kwa kazi za mawimbi, rangi, mkasi, kucha na dawa ya kunyoosha. Kusuka nywele za kipilipili jinsi zilivyoota hakukuwemo, au kulipewa kurasa chache. Nani angeuweka ususi humo? Bodi ziliona kusuka ni jambo la nyumbani. Halafu wanawake weusi wakaanza kuzirudia nywele zao za asili, na wahamiaji kutoka Afrika Magharibi wakafungua maduka ya ususi katika miji mikubwa. Bodi zilipoamka zikakuta kuna fedha na kuna wateja, na sheria yao inasema kila anayegusa nywele kwa malipo ni mtaalamu wa urembo. Kasome, wakaambiwa. Kasome saa 1,500 za vitu usivyovifanya, kwa ada yako mwenyewe, katika shule isiyofundisha unachokifanya.

Wengine walikataa. Mjini Washington, Pamela Ferrell na mumewe Taalib-Din Uqdah, wenye duka la Cornrows & Co., waliishtaki serikali ya jiji mwaka 1991 kwa sababu ya sheria yake ya urembo ya mwaka 1938, na sheria ikalegezwa. California ilidai saa 1,600. Mwaka 1999 jaji Rudi Brewster akaona kwamba sehemu ya mtaala inayomhusu msusi haifiki hata asilimia 10. Utah ilidai 2,000. Piga hesabu: saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni karibu mwaka mzima. Aliyedaiwa ni Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone aliyeanza kusuka akiwa mtoto mdogo kijijini. Alishinda mwaka 2012. Missouri mambo yalikwenda kinyume: mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliona jimbo lina haki ya kudai saa zake 1,500, na mwaka huohuo bunge la jimbo likaziondoa lenyewe kwa wasusi. Majaji hawakukubaliana, na sitakudanganya kwamba walikubaliana.

Turudi Dallas tumalizie tulipoanzia. Mwaka 2007 Texas ilikubali kwamba msusi anatosha kwa cheti cha saa 35, na Isis Brantley akapewa chake kwa uzoefu. Sasa akataka kufundisha wengine hizo saa 35. Jimbo likamwambia shule inayotoa saa zinazotambulika ni chuo cha unyozi, na chuo cha unyozi kina masharti: ukumbi wa futi za mraba 2,000, viti 10 vya kinyozi vinavyolala nyuma, na masinki yasiyopungua 5. Yeye mwenyewe pia akasome saa 750 za kuwa mwalimu wa vinyozi. Masinki, kwa kazi ya kusuka ambayo haihitaji maji!

Akaenda mahakamani mwaka 2013. Wanasheria wa jimbo walitakiwa kutaja japo shule moja ya ususi iliyowahi kutimiza masharti hayo. Hawakuwa nayo. Januari 2015 jaji Sam Sparks akampa Brantley ushindi, na Juni mwaka huo gavana Greg Abbott akasaini sheria iliyoondoa kabisa leseni kwa wasusi. Siku hizi anayetaka kufundisha ususi Texas hadaiwi sinki hata moja.