"Ingawa" na "Lakini" Katika Kiingereza
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa masomo ya jioni, Riruta



Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na wengi wenu huandika barua za kuomba kazi mjini Nairobi kwa Kiingereza. Basi yafaa tuangalie maneno madogo yanayopambanisha mambo mawili, kwa maana neno dogo likikosewa, barua nzima huharibika.

Katika Kiswahili twasema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mboga zilifika soko la Kawangware." Sikio letu halioni kosa. Kiingereza hakikubali mzigo mmoja ufungwe kwa kamba mbili. Semeni, "Although it rained, the vegetables reached the market," au, "It rained, but the vegetables reached the market." Chagueni moja.

Pili, "although" hufuatwa na maneno yenye mtendaji na kitendo, kama "it rained". Lakini "despite" hufuatwa na jina: "Despite the rain." Wala msitie "of" baada ya "despite", hiyo ni mali ya "in spite of".

Tatu, "however" haishiki mahali pa "but". Malizeni sentensi ya kwanza kwa nukta, mwanze ya pili kwa "However", kisha mtie mkato: "It rained. However, the vegetables arrived."

Jambo kubwa kuliko yote ni mpango wa maneno. Mkuu wa kazi akiandika juu ya mtumishi wake, "He is slow but honest," amemsifu. Akiandika, "He is honest but slow," amemtia dosari. Maneno ni yale yale, ila lijalo baada ya "but" ndilo libakilo moyoni mwa msomaji. Kwa hiyo mwombaji wa kazi asitangulize bidii yake na kumalizia kwa mtihani alioshindwa. Aandike, "I did not pass the examination, but I work hard." Hakuficha neno wala hakudanganya, amemalizia kwa sifa yake.

Nawaomba kila mmoja aandike nyumbani sentensi tatu, azisome kwa sauti. Akikuta "although" na "but" zimekaa pamoja, afute moja.