Mwalimu Mkuu Akikaa Darasani
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu siku ya ukumbusho wa kambi)



Kambi yetu ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996. Katika sherehe kama hizi tumezoea kuhesabu madarasa yaliyojengwa na madawati yaliyoletwa. Leo, kwa ruhusa yenu, tutazungumzia mwalimu mkuu, yule ambaye nyumbani Kongo tunamwita dirkta.

Mwaka 2004 Kenneth Leithwood wa Kanada na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba, kati ya mambo ya ndani ya shule, ufundishaji ndio unaomsaidia mtoto zaidi, na uongozi unafuata mara. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake wakaonyesha kazi ya kiongozi yenye nguvu kuliko zote: kuwaendeleza walimu wake na kujifunza pamoja nao.

Kwetu jambo hilo ni zito. Wengi wetu tulishika chaki mara tu baada ya sekondari. Waliopita chuo cha ualimu ni wachache, na wakipata posho nzuri kwingine huondoka. Mwalimu kijana mwenye darasa lililofurika hajui afanyeje na mtoto asiyeweza kuunganisha silabi. Dirkta akikaa nyuma ya darasa dakika 20, kisha wakapitia pamoja madaftari 10, kesho yake somo linabadilika. Tumeliona kwa macho. Semina ya siku tatu hailifikii hilo (ingawa semina tunazipenda, hasa chai yake).

Lakini asubuhi dirkta yuko wapi? Yuko mkutanoni. Au anajaza fomu ya mahudhurio, ya vitabu, ya sabuni. Au anangoja wageni ambao gari lao limechelewa. Hatumlaumu mtu, fomu isipojazwa, chaki haiji. Ila watoto ndio wanaolipa saa hizo.

Basi tunaomba: siku tatu kwa wiki, tangu masomo yaanze hadi saa sita, mwalimu mkuu asiitwe nje ya shule isipokuwa kwa ajali au ugonjwa. Fomu zinazouliza jambo lilelile ziunganishwe. Nanyi wazazi, mkiambiwa yuko darasani, msubirini kivulini. Kengele ikilia atatoka.