Doa kwenye jani la mchungwa

Msikilizaji, ubaridi na mvua zinazostawisha chai ya Rungwe na Mufindi humfaa pia adui wa michungwa: kuvu aitwaye Pseudocercospora angolensis. Aliripotiwa mwaka 1952 Angola na Msumbiji, na sasa anajulikana hadi Afrika Mashariki.

Chukua jani ulitazame. Doa ni la mviringo, katikati rangi ya kijivu, limezungukwa na umanjano. Matunda machanga hudondoka kabla ya wakati.

Lakini macho peke yake hayatoshi. Mtafiti hukata kipande pale doa linapopakana na sehemu nzima, hukiotesha kwenye rojo la viazi, kisha huchunguza kuvu kwa darubini. Halafu huuambukiza mche mzima. Dalili zile zile zisipojitokeza, hajathibitisha chochote.

Uangalifu huo una faida kubwa, kwa sababu michungwa hupata umanjano pia kutokana na bakteria wanaoenezwa na wadudu, na dawa ya ukungu haiwadhuru hata kidogo. Fedha ya mkulima inapotea bure.

Kwa hiyo, kabla hujanunua dawa, mwonyeshe bwana shamba jani na tunda, au uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya. Matunda yaliyodondoka yaokote, uyafukie.