Pikapu, Tela na Kituo cha Mafuta: Mada kwa Wakazi wa Kata ya Sola



Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, barabara za Wilaya ya Maswa hubadilika sura. Pikapu ambayo miezi mingine hubeba magunia mawili matatu na ndoo za mnadani hufungwa tela nyuma, ikaanza kazi ya pamba, na baada ya pamba hufuata mpunga, mbao, saruji na mifugo. Tela ni msaada mkubwa kwa mkulima, kwa kuwa safari mbili huwa moja. Hata hivyo, pikapu iliyofungwa tela si gari lile lile lililoongezewa mzigo. Imekuwa gari refu zaidi, zito zaidi, lenye kiungo kinachopinda katikati. Mahali ambapo dereva huitambua tofauti hiyo kwa kuchelewa ni kwenye kituo cha mafuta, akiwa amekwisha kuingiza pua ya gari chini ya paa, mkia ungali juu ya lami, na nyuma yake basi linapiga honi.

Kituo kidogo cha mafuta hupimwa kwa gari dogo na bodaboda. Mara nyingi mlango wa kuingilia na wa kutokea viko upande mmoja, na nyuma ya pampu kuna ukuta au ofisi. Pikapu yenye urefu wa mita tano ikivuta tela la mita nne tayari ni mita tisa, bila kuhesabu nafasi ya kuzungukia. Zaidi ya hapo, magurudumu ya tela hayapiti pale yalipopita ya pikapu. Katika kona, tela hukata ndani. Dereva akiipita pampu kwa nafasi ya nusu mita, akadhani amesalimika, tela huja nyuma yake na kuikwangua nguzo ya zege inayoilinda pampu hiyo, au pampu yenyewe ikiwa nguzo haipo.

Dawa ya dereva wengi ni kurudi nyuma, na hapo ndipo matatizo huongezeka. Ili tela lielekee kushoto wakati wa kurudi nyuma, usukani huzungushwa kwanza kulia. Dereva aliyezoea gari lisilo na tela hufanya kinyume chake, na kabla hajang'amua, tela limejikunja dhidi ya bodi ya pikapu. Nyuma kuna bodaboda, mama mwenye mtoto mgongoni na kijana anayetembeza karanga, wala hakuna hata mmoja wao anayeonekana kwenye kioo.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa wapi kujaza mafuta unapaswa kufanywa kabla gari halijaondoka nyumbani. Kwa safari ya mjini, njia rahisi kuliko zote ni kujaza mafuta kabla ya kufunga tela, siku moja kabla ya kupakia. Kwa safari ndefu, dereva achague kituo chenye njia ya kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, ambako gari hupita moja kwa moja bila kurudi nyuma. Asipokijua kituo, asimame pembeni mahali salama, ashuke, akitazame kwa miguu. Dakika mbili za kutembea ni nafuu kuliko gharama ya pampu. Wakati huohuo atazame pia urefu wa paa, maana pamba iliyorundikwa juu ya chanja za tela hupanda kuliko dereva anavyokumbuka.

Anayekwenda Shinyanga kupitia Mwigumbi na kuendelea hadi Tinde, kwenye njia panda ya malori yaendayo Mwanza na yale yaendayo Kahama na nchi jirani, atakutana na vituo vya namna nyingine, vile vya malori. Uwanja ni mpana na nafasi ya tela ipo. Lakini vituo hivyo vina desturi zake, na mgeni huzijua kwa kukaripiwa. Gari halikai kwenye pampu likimsubiri dereva ale. Akishajaza na kulipa, husogea kwenye maegesho, ndipo chai, chakula na maliwato vifuate, kwa sababu nyuma yake kuna lori ambalo dereva wake naye amechoka. Jambo jingine ni kasi ya pampu. Pampu inayojaza tangi la lori husukuma dizeli kwa nguvu; kwenye tangi dogo la pikapu mafuta hutoa povu, bomba hujifunga mapema au dizeli hurudi nje. Mhudumu aombwe apunguze kasi, na bomba likishajifunga lenyewe lisilazimishwe.

Dereva ajue pia tundu la tangi liko upande gani. Magari mengi huonyesha kwa mshale mdogo kando ya alama ya pampu kwenye kioo cha geji. Kwa gari dogo, kukosea upande ni kero ndogo tu. Kwa gari lenye tela, kukosea upande ni kuzunguka kituo kizima, au kuvuta mpira wa pampu juu ya mzigo, jambo lisilofaa kabisa.

Wako wanaokwepa usumbufu huu kwa kulifungua tela barabarani na kuingia kituoni na pikapu peke yake. Tela lililofunguliwa halina breki ya kuaminika wala taa. Kwenye mteremko, hata mdogo, huondoka. Likiwa limepakiwa nyuma zaidi kuliko mbele, mara linapotoka kwenye kulabu huinua shingo na kumpiga aliyelifungua. Ikibidi lifunguliwe, basi iwe ndani ya uwanja ulio tambarare, vigingi vikiwa vimewekwa mbele na nyuma ya magurudumu kwanza. Kuliacha juu ya lami usiku, bila pembetatu za tahadhari, ni kumtegea mtego mwendesha bodaboda.

Kuhusu kiasi cha mafuta, hesabu ni nyepesi. Kutoka Maswa hadi Bariadi ni kilomita 49.7, na kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita 71.8, kwenda na kurudi ni kilomita 243. Chukua mfano wa pikapu inayotembea kilomita tisa kwa lita moja bila mzigo: itahitaji lita 27. Pikapu hiyo ikivuta tela, ikashuka hadi kilomita sita kwa lita, itahitaji zaidi ya lita 40. Dereva aliyezoea lita 27 atakwama njiani, na kukwama kwa gari lenye tela si sawa na kukwama kwa gari la kusukumwa na vijana watatu. Kila mwenye gari anaweza kuipata hesabu yake mwenyewe: ajaze tangi hadi bomba lijifunge, aandike kilomita, asafiri na tela, ajaze tena, kisha agawanye kilomita kwa lita.

Bei nayo haihitaji kubahatishwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na katika Mkoa wa Simiyu kila wilaya ina bei yake: Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Bei hiyo inapatikana kwa simu ya mkononi kwa kupiga *152*00#. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya kikomo. Hakiruhusiwi kuuza juu yake, na bei yake lazima ionekane kwenye bango. Mwenye kujaza lita 70 kwa safari ya mbali ana sababu ya kutazama tofauti ya shilingi chache kwa lita.

Ajali ya kimyakimya kuliko zote ni ya petroli kuingia kwenye injini ya dizeli. Bomba la dizeli kwa kawaida ni nene, hivyo halikubali kuingia kwenye tundu la magari mengi ya petroli. La petroli ni jembamba na huingia kwenye tundu la dizeli bila pingamizi. Pikapu za aina moja na sura moja huwa na injini tofauti, kwa hiyo mhudumu asiachwe akisie. Dereva ashuke, ataje aina ya mafuta kwa sauti, atazame bomba lililoshikwa na aone mita ikianza kwenye sifuri. Kosa likitokea, injini isiwashwe, hata ufunguo usizungushwe. Gari lisukumwe pembeni na tangi limwagwe na fundi.

Sasa jambo la moto, ambalo ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa jikoni. Hutambaa chini, hujikusanya mabondeni na chini ya magari, na unaweza kukutana na cheche mbali na pampu. Pamba nayo hushika moto haraka, kisha moto hujificha ndani ya mzigo ukafukuta kwa saa kadhaa kabla ya kulipuka kilomita nyingi mbele. Tela la pamba lililoegeshwa kando ya pampu limevikutanisha vitu hivi viwili. Kwa hiyo mzigo wa pamba ufunikwe turubai kabla ya kuingia kituoni, injini izimwe, na utingo asiwe na sigara wala kiberiti mkononi. Waliokaa juu ya mzigo washuke na kusubiri mbali na pampu; ingawa ukweli ni kwamba hawakupaswa kuwa juu ya mzigo tangu mwanzo.

Hatari isiyofahamika sana ni ya madumu. Mwenye pikapu akitaka akiba ya mafuta kwa ajili ya trekta au mashine ya kusaga, hupanga madumu ya plastiki nyuma ya gari na kumwambia mhudumu ayajaze hapo hapo. Mafuta yanapotiririka huzalisha umeme tuli. Dumu likiwa chini ardhini, umeme huo hupata njia ya kutokea. Likiwa juu ya bodi ya pikapu, hasa iliyotandikwa plastiki au zulia, umeme hubaki na kukusanyika hadi cheche ndogo iruke kati ya bomba na mdomo wa chombo. Petroli haihitaji zaidi ya hiyo. Chombo kilichotengenezwa kwa kazi ya kubebea mafuta kishushwe, kiwekwe chini, bomba liguse mdomo wake muda wote, kijazwe taratibu na kisijazwe hadi juu. Dumu la mafuta ya kula halikutengenezwa kwa petroli. Na mtoto asitumwe dumu la petroli, hata kama kituo kiko ng'ambo ya barabara.

Taifa limekwisha kulia kwa ajili ya mafuta yaliyo wazi. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda na madumu kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi hupitisha malori ya mafuta. Likianguka moja, kinachotakiwa ni kukaa mbali, kuwazuia wengine wasisogee na kupiga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kuna wanaouliza kwa nini wananchi wasiendelee kununua petroli ya chupa kando ya barabara, maana iko karibu. Mafuta ya chupa hayana kipimo kilichohakikiwa, hayana risiti, wala hakuna anayejua yamechanganywa na nini. Vinasaba vilianza kuwekwa kwenye mafuta nchini mwaka 2010 ili uchanganyaji na ukwepaji wa kodi ubainike, lakini ukaguzi huo hauifikii chupa iliyowekwa juu ya stuli. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huipunguzia pampu ya injini ulainisho, na injini inayovuta tela ndiyo huumia kwanza. Hata hivyo, si haki kumlaumu mnunuzi wa chupa bila kutaja umbali unaomsukuma. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, hutoa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, na EWURA ina kanuni nyepesi zaidi kwa vituo hivyo kuliko kwa vile vya mjini. Mkazi au kikundi chenye eneo na nia kianzie kwenye ofisi ya mtendaji wa kata. Atakayejenga aache njia ya kupitia gari lenye tela. Ardhi ya kijijini inaruhusu jambo ambalo mjini haliwezekani tena.

Mwisho ni malalamiko. Pampu huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kwa chombo maalumu cha lita 20, na pampu iliyohakikiwa huwa na alama ya wakala. Tangi lililopokea lita nyingi kuliko ujazo wake ni dalili ya kutosha kuuliza. Mteja asigombane na mhudumu, ambaye pengine hajui lolote. Achukue risiti ya mashine ya kielektroniki, aandike namba ya pampu, tarehe na saa, kisha apeleke taarifa kwa Wakala wa Vipimo mkoani Simiyu ikiwa ni ujazo, au EWURA Kanda ya Ziwa, Mwanza, ikiwa ni bei au ubora wa mafuta. Asiyeweza kusafiri ampelekee mtendaji wa kijiji nakala ya risiti hiyo, naye ataifikisha halmashauri.