Dume Kubwa Si la Kila Mtamba

(Maneno aliyosema mwenzetu mfugaji mkutanoni. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Kamati imenituma niseme habari ya mitamba yetu. Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi mtamba wangu wa kienyeji alipandwa na lile dume chotara. Nilifurahi, nikasema nitapata ndama mkubwa. Siku ya kuzaa alihangaika tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Tukaja wanaume wanane, tukafunga kamba, tukavuta. Ndama alitoka amekufa, na mama yake hakusimama tena. Wawili kwa siku moja! Jamani, lile halikuwa jicho la mtu. Ilikuwa hesabu mbovu.

Hesabu ni hii. Ndama wa zebu wetu huzaliwa na kilo kama 20. Ndama wa Simmental au Charolais safi huweza kupita kilo 40. Chotara yuko katikati. Na nyonga ya mtamba mdogo haipanuki ati kwa sababu baba wa ndama ana mwili.

Basi tufanye hivi:

1. Mtamba asipandwe kabla ya kufikia theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima wa kabila lake. Kama mama yake ana kilo 240, yeye awe amefika 160. Bwana mifugo ampime kwa tepe ya kifuani.

2. Uzao wa kwanza apandwe na dume dogo la kienyeji. Dume kubwa lingoje ng'ombe aliyekwisha zaa na mwenye mwili. Ukinunua dume, usitazame nundu tu. Uliza lilizaliwa na kilo ngapi, maana watoto hufuata.

3. Usimnyime malisho mwenye mimba ukidhani ndama atakuwa mdogo. Ndama hapungui sana, ila mama hukosa nguvu ya kusukuma. Wala asinenepe mno, mafuta hubana njia.

4. Mfuko wa maji ukionekana, angalia saa. Ikipita saa moja mtamba hajasonga mbele, mwite bwana mifugo. Sawa ni miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Ukiona mguu mmoja au mkia, usivute kabisa.

5. Ukilazimika kuvuta: nawa kwa sabuni, kamba safi juu ya kifundo cha kila mguu, watu wawili tu. Vuta anaposukuma, pumzika anapopumzika. Kichwa na mabega vikishatoka, vuta kuelekea chini. Wawili wakishindwa, wanane watavunja tu.

6. Ndama akitoka, futa pua, kitovu kitiwe iodini, na anyonye dang'a ndani ya saa 6 za kwanza.

Mwisho, naomba mkutano ujao uamue: mtamba wa uzao wa kwanza asiingizwe kwa dume la ushirika, hata mwenyewe akilipa ada mara mbili. Najua wapo watakaonung'unika kwamba tunawanyima ndama wakubwa. Mimi nilimpata huyo mkubwa, nikamzika pamoja na mama yake.